Maswali Yenu: Dekali za Zero, Hayabusa na Hien

Barua za mwezi huu karibu zote zimeangukia mahali pamoja, modeli za ndege za kivita za Wajapani za wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mimi nimefurahi sana juu ni ndege ninazipenda, na pia juu nimeona vile watu wanaunganisha vizuri, wanapaka rangi vizuri, halafu ikifika kwa dekali, yaani zile alama za utando mwembamba zinalowekwa kwa maji na kubandikwa, kazi yote inaharibikia hapo mwisho. Nimechukua zile barua zinagusa wengi. Zingine nimezifupisha kidogo, mnivumilie.

Habari fundi. Niko Kondele, Kisumu. Binamu yangu aliniletea Zero ya skeli ya 1/72 (ndogo mara 72 kuliko ndege yenyewe) na karatasi ya dekali imejaa kabisa, kuna AI, BI, BII, EI, EII na namba kibao, na mikanda ya rangi nyekundu, bluu na nyeupe. Naweza kuchukua tu ile inanipendeza? Nataka mkia uandikwe AI halafu niweke mkanda wa bluu.

Ndugu yangu wa Kondele, usichanganye. Hiyo ndio naomba kila mtu ashike kabla hatujaenda mbali: chagua ndege moja, moja tu, ile iliruka kweli, ya kikosi fulani na tarehe fulani, halafu kila alama ifuate hiyo. Herufi na mikanda kwa Zero ni kama ruti na jina la sacco kwa matatu, ukiona gari ya Kisumu–Busia imeandikwa sacco ya Nakuru unajua tu kuna kitu hakiko sawa.

Herufi unazoziona ni za zile meli sita za kubeba ndege zilizoenda kushambulia Pearl Harbor, bandari ya kijeshi ya Wamarekani kule Hawaii. A ni divisheni ya kwanza, kwa hivyo AI ni Akagi na AII ni Kaga. B ni divisheni ya pili, BI ni Soryu na BII ni Hiryu. E ni ya tano, EI Shokaku na EII Zuikaku. Na mikanda ile inazunguka bodi nyuma ya hinomaru, yaani ile duara jekundu, inafuata mpango huohuo. Akagi mkanda mmoja mwekundu, Kaga miwili, Soryu mmoja wa bluu, Hiryu miwili, Shokaku mmoja mweupe na Zuikaku miwili. Sasa unaona AI na bluu haiwezi kukaa pamoja. Ukipenda bluu chukua BI ama BII na mambo yatakuwa sawa.

Namba nazo zinasema kitu. Kwa hizo meli mia moja na kitu ilikuwa ya ndege za kupigana angani kama Zero, mia mbili na kitu za kuangusha mabomu kwa kupiga mbizi, mia tatu na kitu za topido. Kwa hivyo Zero yenye namba inaanza na 2 ni kosa hata kama herufi ziko poa, na kwa karatasi zingine za kuunganisha ndege nyingi hizo namba ziko zote pamoja, kaa macho.

Ukitaka moja iko na historia yake, nakupendekezea BII-120 ya Hiryu. Rubani wake alikuwa Shigenori Nishikaichi, ndege ikapata risasi asubuhi hiyo ya 7 Desemba 1941 (Japani ilikuwa tayari tarehe 8), hakuweza kurudi kwa meli, akaishusha vibaya kwa kisiwa kidogo cha Niihau, na mabaki yake yako mpaka leo kwa makumbusho ya ndege pale Pearl Harbor. Ama DI-108 ya Tadayoshi Koga kutoka meli ya Ryujo, ile iliishia kwa matope ya kisiwa cha Akutan kule Alaska Juni 1942, rubani akafa lakini ndege ikabaki karibu nzima, Wamarekani wakaibeba, wakaitengeneza na ilipofika mwezi wa tisa wakawa wanairusha wenyewe San Diego kutafuta udhaifu wake. Kama unataka ya vikosi vya Jeshi la Maji vilivyoruka kutoka viwanja vya nchi kavu, si kutoka meli, kuna V-128 ya Saburo Sakai wa kikosi cha Tainan, ile aliruka nayo kutoka Rabaul mpaka Guadalcanal 7 Agosti 1942, akapigwa risasi ya kichwa na bado akairudisha nyumbani. Ukishachagua, ile karatasi ingine yote weka kwa bahasha, itakufaa siku nyingine.

Na kitu kingine nikiwa hapo: Zero za meli za 1941 usizijaze michubuko ya fedha mwili mzima. Zilikuwa mpya na zilitunzwa sana. Ile kubambuka rangi ovyo unaona kwa picha ni zaidi ya ndege za Jeshi la nchi kavu za baadaye, zile zilipakwa kijani juu ya chuma tupu na kuachwa kwa jua na mvua.

Sasa fundi, mimi ni wa Section 58 hapa Nakuru. Nimebandika namba na hinomaru, zilipokauka nikaona weupe-weupe wa kung'aa chini ya ule utando, hasa pembeni ya namba, na duara halijashika mistari ya paneli, limekaa juujuu tu. Nilitumia maji ya bomba. Dawa za dekali sijapata hapa. Nifanyeje?

Huo weupe ni hewa. Rangi mati, yaani isiyong'aa, ukiiangalia karibu ni vilima na mabonde, na utando wa dekali ukilala juu ya vilima hewa inabaki kwa mabonde, sasa mwanga ukipiga unaona fedha. Dawa yake inaanza kabla hujashika dekali: paka vanishi ya kung'aa kwanza, X-22 ya Tamiya ni nzuri lakini yoyote ya akriliki inayong'aa itafanya, kanzu mbili nyembamba, yaani tabaka mbili, na uache ikauke mpaka kesho yake. Usiguseguse.

Halafu fanya hivi, na ufanye pole pole. Kata namba karibu kabisa na wino ili utando wa ziada ubaki kidogo. Maji yawe ya uvuguvugu. Chovya dekali, hesabu mpaka kumi hivi, itoe na uiweke juu ya tishu, usiiache ikiogelea maana gundi yote itaisha kwa maji. Ngoja. Ukiisukuma kidogo na kidole iteleze yenyewe, kama bado imeshika ongeza tone la maji na ungoje tena, ukilazimisha itakunjika na hapo hinomaru imekwisha. Lowesha mahali pake kwa bawa, leta karatasi mpaka karibu kabisa kisha utelezeshe dekali kutoka kwa karatasi kuingia kwa bawa, usiinue hewani. Iweke sawa ikiwa bado inaogelea, halafu chukua kipamba cha masikio kilicholoweshwa, ukivingirishe kutoka katikati ukienda nje. Utaona maji na vipovu vikitoka pembeni. Hapo ndipo sasa unaweka dawa ya kulainisha, Micro Sol ama Mr. Mark Softer ukipata, tone dogo na brashi. Dekali itakunjamana vibaya mpaka ushtuke. Usiiguse hata kidogo, nenda kanywe chai, itajinyoosha yenyewe na kushuka ndani ya mistari.

Bila hizo dawa, siki nyeupe ya supamaketi inasaidia. Changanya nusu na maji, weka chini ya dekali na juu yake. Kwa dekali nyembamba inafanya kazi vizuri, kwa zile nene za boksi za zamani za Tamiya itahangaika, hizo zinataka maji ya moto kidogo na uvumilivu. Usijaribu spiriti ama thina, zitakula rangi chini.

Zile zako zimekauka tayari hazijapotea. Chukua sindano nyembamba, toboa-toboa pale kuna fedha, weka tone la siki ama dawa liingie, bonyeza na kipamba, rudia mpaka iishe. Na hinomaru ya juu ya bawa inapita juu ya ule mstari wa aileroni, yaani lile bapa la nyuma ya bawa linalojongea, kwa hivyo ikikauka pitisha wembe mpya hapo kwa mstari, weka dawa tena, na itakaa kama imepakwa.

Maji sasa. Hapa Nakuru maji mengi ni ya visima na yana chumvichumvi, yakikauka yanaacha duara jeupe kuzunguka kila dekali na ukipaka vanishi juu unalifungia humo milele. Tumia maji ya mvua ama nunua maji ya betri kwa petroli stesheni, lakini sema wazi unataka maji, maana asidi huwekwa kwa rafu hiyohiyo. Ukimaliza futa mwili wote na kitambaa kilicholowa maji hayo, acha ikauke, ndio upake vanishi ya mati juu.

Fundi, nina boksi la modeli la kampuni ya Hasegawa la miaka mingi, dekali zimekuwa njano. Nimejaribu moja ikavunjika vipande kwa maji. Nitupe? Msomaji, Kakamega.

Usitupe. Njano inatolewa na jua: funga karatasi kwa mfuko wa plastiki wenye zipu, ubandike kwa kioo cha dirisha upande dekali zinaangalia nje, kwa jua letu siku chache mpaka wiki kadhaa zinatosha, uwe unaangalia. Kuvunjika ni utando umezeeka, kwa hivyo kabla ya maji paka juu ya karatasi yote Liquid Decal Film ya Microscale, ama vanishi ya kung'aa ya kupuliza, nyembamba, iache ikauke kabisa. Baada ya hapo lazima ukate kila moja na makasi ukifuata umbo lake, maana sasa karatasi yote imekuwa utando mmoja. Anza kujaribu na ile hutumii.

Salamu mhariri na fundi. Mimi ni mwalimu hapa Webuye, tuna klabu ya modeli shuleni, wanafunzi wengi na seti chache tumepewa bila dekali kabisa. Tunaweza kuchapisha zetu kwa saiba? Tunataka kutengeneza Zero za kijani za mwisho wa vita.

Mwalimu, hongera kwa hiyo klabu. Kuchapisha mnaweza lakini si kila kitu, na hapa watu wengi wanapoteza pesa kwa hivyo soma mpaka mwisho.

Printa ya kawaida haina wino mweupe. Ikichapisha kwa karatasi ya kawaida, ule weupe unaona ni wa karatasi yenyewe. Sasa ukichapisha duara jekundu kwa karatasi ya dekali isiyo na rangi halafu uliweke juu ya kijani kibichi cha Zero, kijani kinapenya chini na nyekundu inageuka hudhurungi chafu. Na ule mzingo mweupe wa hinomaru hautaonekana kabisa. Kuna karatasi ya dekali nyeupe, hiyo inashika rangi, lakini lazima kila umbo likatwe na wembe ukingoni kabisa, na kwa watoto hiyo ni shida.

Pia uliza kabla hujanunua: karatasi ya printa ya wino na ya printa ya leza si moja. Ile ya wino ukiiweka kwa leza, leza inatumia joto kali, itayeyuka ndani na mwenye saiba atakudai printa nzima. Na wino wa printa ya kawaida unayeyuka kwa maji, kwa hivyo zikishatoka lazima mpulizie vanishi kanzu kadhaa nyembamba kabla ya kuchovya.

Ushauri wangu ni huu, chapisheni vitu vyeusi vidogo tu. Zero ilikuwa na kile kibao cha maandishi ya Kijapani upande wa kushoto wa bodi karibu na mkia, kinasema aina ya ndege, namba ya kiwandani, tarehe ya kutengenezwa na kikosi chake, hicho kinatoka vizuri kwa leza kikikaa juu ya rangi ya kijivu. Hinomaru pakeni kwa brashi ama spreyi, na niamini itapendeza kushinda dekali yoyote, hata mimi nikiwa na dekali nzuri za kampuni ya Cartograf bado duara napaka, maana Wajapani wenyewe walipaka.

Bandikeni tepu ya kupakia rangi juu ya kioo. Kwa bikari toeni ile penseli mfunge ncha ya wembe mahali pake, kateni duara kubwa la mzingo mweupe na dogo la jekundu, hiyo kazi aifanye mtu mzima. Tepu ya hadiwea ina gundi kali inang'oa rangi, kwa hivyo kwanza ibandikeni kwa kiganja ama kwa shati mara kadhaa ipungue nguvu. Pakeni kijani, kikauke vizuri. Bandikeni tepu yenye tundu kubwa, na kabla ya nyeupe pitisheni kanzu nyembamba ya kijani kilekile ukingoni mwa tundu, hiyo inaziba nyufa ndogo ili nyeupe isivuje chini. Kisha nyeupe, kanzu mbili tatu. Ikikauka, tundu dogo katikati, hapa chorea msalaba wa penseli kwa tepu ili ujue kati iko wapi, pitisha nyeupe tena ukingoni halafu nyekundu. Nyekundu isiwe ile kali ya gari la zimamoto, ongezeni tone la kahawia iingie ndani kidogo. Ule mzingo mweupe kwa ndege za Jeshi la Maji ulikuwa na upana wa milimita 75, kwa hivyo kwa 1/72 ni milimita moja, kwa 1/48 moja na nusu. Ukiona umepaka milimita tatu rudia, hapo ndipo jicho linashika kosa hata mtu akiwa mbali.

Rangi ya duko ya gari na thina yake zisikaribie plastiki tupu, zinaiyeyusha. Akriliki za maji zinatosha watoto wote.

Salamu nyingi. Naandika kutoka Kimilili. Babu yetu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, alipigana Burma, picha yake na medali ziko kwa ukuta wa sebule. Kijana wangu anajenga modeli na anataka kumjengea babu ndege ya Wajapani ambayo ingekuwa huko. Shida, wazee wa boma wameona boksi na hawataki hilo duara jekundu mezani. Ni ndege gani ilikuwa Burma, na tufanye nini na hiyo alama?

Dadangu, barua yako nimeisoma mara nyingi na ndiyo imenifanya nifungue ukurasa mzima kwa hizi ndege.

Nianze na wazee maana wana haki. Wale Keya wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 mvua ikiwa inanyesha, matope mpaka magoti na malaria kila mahali, wakasukuma mpaka Kalewa na mwezi wa kumi na mbili wakavuka mto Chindwin. Wengi walitoka huku kwetu magharibi, na kuna wengine hawakufika hata Burma, meli ya Khedive Ismail ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives 12 Februari 1944 ikiwa imebeba wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki na watu zaidi ya 1,200 wakafa. Kwa boma lenye kumbukumbu kama hizo, duara jekundu si mapambo na mtoto asiambiwe ni kitu kidogo.

Lakini kuna vitu viwili vya kuwaeleza wazee. Ile bendera ya jua lenye miale ilikuwa ya jeshi, na haikupakwa kwa mabawa ya ndege. Kwa mabawa kulikuwa na duara tupu, ambalo ni alama ya nchi, liko kwa bendera ya Japani mpaka leo na hata ndege za kijeshi za Japani za sasa hivi bado zinalibeba, na mzingo mweupe. Kwa boksi zingine wanawekanga bendera ya miale kwa karatasi ya dekali iwe ya kupamba stendi, hiyo mwambie kijana aiache. Kitu cha pili, mimi singependa ajenge ndege bila alama yoyote. Babu yake alipokuwa kule chini kwa matope na kusikia injini juu, hilo duara ndilo alikuwa anatafuta ili ajue ajifiche ama aendelee kutembea. Ukiliondoa, ile ndege haisemi tena chochote kuhusu babu.

Ndege yenyewe ni Ki-43 Hayabusa ya Nakajima, Waingereza na Wamarekani waliiita Oscar. Si Zero, hiyo ilikuwa ya Jeshi la Maji na watu wanazichanganya sana kwa sababu zinafanana kwa mbali. Hasegawa wanayo kwa 1/48 na Fujimi kwa 1/72. Achukue toleo la II, ndilo la 1944. Vikosi vya kutafuta kwa karatasi ya dekali ni Sentai ya 64, alama yake ni mshale uliolala mshazari kwa mkia, na Sentai ya 50, yenye mchoro wa radi. Zote mbili zilipigana Burma. Ile ya 64 ndiyo ilikuwa ya Tateo Kato, ambaye aliuawa juu ya Ghuba ya Bengal 22 Mei 1942, kwa hivyo ndege ya Kato yenyewe si ya wakati wa babu, asiipake hiyo. Mshale ulibadilika rangi kulingana na chutai, yaani kundi ndani ya sentai, afuate maelekezo ya karatasi na asichanganye, kama nilivyomwambia ndugu wa Kondele.

Aangalie pia hinomaru za pembeni ya bodi. Ndege za Jeshi la nchi kavu mwanzo wa vita hazikuwa nazo hapo kabisa, zilikuwa kwa mabawa tu, ila kufikia 1944 zilikuwa nazo, na nyuma yake mkanda mweupe kuzunguka bodi kuonyesha ndege iko uwanja wa vita nje ya Japani. Huo mkanda apake, asitumie dekali, kwa sababu bodi inapungua kuelekea mkia na dekali iliyonyooka itakataa kukutana chini. Mshale wa mkia ni mrefu na unavuka mstari wa usukani wa mkia, yaani lile bapa la kugeuzia, akate hapo kwa wembe na aweke siki ama dawa mara mbili.

Ikiisha, kabla ya kuiweka popote, kijana akae na wazee awaeleze mwenyewe. Aandike kadi ndogo, aina ya ndege, Sentai, Burma 1944, na chini yake jina la babu na batalioni yake, kadi ikae mbele ya ndege. Wakikubali iwe chini ya picha, sawa. Wakikataa, iwe chumbani kwake na mtu asibishane nao.

Hien yangu ya 1/72 iko na masanduku meupe nyuma ya duara kwa mabawa na mkanda mpana kwa bodi. Ni lazima? Mimi nilitaka kuifanya ya New Guinea. Busia.

Kwa New Guinea hapana. Yale meupe ni ya vikosi vya kulinda Japani yenyewe, 1944 na 1945, wakati B-29, ndege za mabomu za Wamarekani, zilianza kupiga miji. Ki-61 Hien za New Guinea za 1943, Sentai ya 68 na ya 78, hazikuwa nayo (usiyachanganye na ule mkanda wa uwanja wa vita niliomwambia dada wa Kimilili). Ukiamua kufanya ya ulinzi wa nyumbani chukua Sentai ya 244 ya uwanja wa Chofu, Tokyo, ya kamanda Teruhiko Kobayashi, ndiyo maarufu zaidi na dekali zake ni rahisi kupata. Na hayo masanduku meupe yapake kwanza, dekali nyeupe kubwa huonyesha kijani chini na kuwa kama maziwa yaliyokorogwa maji.

Swali fupi kutoka Lanet: Zero yangu ni A6M5, lile toleo la baadaye, nimepaka kijani juu na kijivu chini. Huo mpaka wa rangi unaishia wapi kwa mkia? Picha zinapingana. Na duara la chini ya bawa linawekwa mzingo mweupe?

Picha hazipingani, ni viwanda viwili. Zero ilibuniwa na Jiro Horikoshi wa Mitsubishi lakini Nakajima ndio walitengeneza nyingi kuliko Mitsubishi wenyewe. Kwa zilizotoka Mitsubishi kijivu kinaenda moja kwa moja mpaka nyuma chini ya bawa dogo la mkia, kwa zilizotoka Nakajima mpaka unapinda kupanda juu na kukutana na mbele ya hilo bawa dogo. Kwa hivyo tafuta kwanza dekali zako ni za ndege ya kiwanda gani ndio upake, si kinyume chake, na maelekezo ya boksi mara nyingi yanasema.

Mzingo mweupe uko juu ya mabawa na pembeni ya bodi, pale kuna kijani. Chini kwa kijivu hakuna. Na kuna zile ndege za mwisho ambazo huo mweupe ulifunikwa na kijani ili zisionekane mbali, ukichagua moja ya hizo paka mzingo kwa kijani kilichokolea tofauti kidogo na cha bodi. Ule mstari wa njano mbele ya bawa, kutoka karibu na bodi mpaka kama nusu ya bawa, uliingia mwishoni mwa 1942 kwa hivyo A6M5 yako lazima uwe nao, lakini usiuweke kwa dekali hata kama umewekewa kwa karatasi, unazunguka ukingo wa bawa na utajikunja. Weka nyeupe chini kwanza, njano juu yake, na uufanye kabla ya hinomaru ili tepu isije ikang'oa duara ulilohangaikia.